Mkwe Hatoki Nyumba Hii

Yule binti wa ustawi wa jamii alibisha hodi wakati mbaya kuliko nyakati zote. Mama Pasi alikuwa ameinamia meza, pasi ya mkaa mkononi, shati jeupe la mteja mbele yake, na mjukuu wake mdogo, Kitumbo, amemng'ang'ania sketi akilia kwamba dada yake amemnyang'anya kijiko. Dada mtu alikuwa amekaa juu ya rundo la mashuka machafu. Alikuwa msichana wa miaka minane, na mtaa mzima ulimwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu. Alisema hajamnyang'anya mtu kijiko, amekihifadhi tu.

"Karibu, mwanangu, karibu. Usiangalie fujo, hapa ni kwa dobi," Mama Pasi alisema, akiiweka pasi pembeni isije ikaunguza shati la watu.

Binti aliamkia, akaitikiwa, akakaa kwenye kiti pekee kisichokuwa na nguo. Hakuwa mgeni. Mwaka uliopita mama wa watoto hawa aliokotwa kituo cha mabasi akiwa hajitambui kwa unga wa kulevya, na tangu siku hiyo ofisi ya ustawi iliitupia nyumba hii jicho. Mara kwa mara binti alikuja kuchungulia. Watoto wamekula? Wanalala wapi? Shule wanaenda?

"Mama yao yuko wapi?" aliuliza.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mama yao alikuwa hospitali, kwenye foleni ya kidirisha cha dawa, ile dawa ya maji ambayo watu walioacha unga huinywa kila asubuhi mbele ya muuguzi ili miili yao iache kuwadai. Tangu aanze hakuwa amekosa hata asubuhi moja. Mama Pasi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyemwamsha na kumpa uji kabla hajatoka. Lakini Mama Pasi aliishi kwa nguo za watu. Nani atakuachia suti yake ya harusi akijua ndani kwako kuna teja? Kwa hiyo mtaa uliambiwa kwamba mkwe wake anauza mboga asubuhi sokoni, na uongo huo alikuwa ameurudia mpaka ukawa unatoka wenyewe, bila kuitwa.

"Ameenda sokoni kwenye mboga zake," alisema.

"Na ile dawa ya hospitali, bado anaitumia?"

"Dawa? Dawa gani tena! Yule ameacha kila kitu, mwanangu. Hata kidonge cha kichwa hamezi. Mzima kama mimi na wewe."

Binti aliangalia viatu vyake. "Mama, mimi natoka hospitali sasa hivi. Nimepita pale nikamwona kwa macho yangu, amesimama na wale... na wenzake."

Mama Pasi alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Bosi naye alikuwa akimtazama bibi yake.

"Kwa nini umenidanganya?"

Angesema, "Mwanangu, niliona aibu," pengine mambo yangeishia pale pale. Lakini mtu akiumbuliwa mbele ya wajukuu zake hatafuti ukweli, anatafuta pa kushika. Mama Pasi alikuja juu. "Kwani wewe umekuja kuuliza au kunitega? Unajua jibu, unaniuliza ya nini?"

"Kama mnanificha hili, sijui mnanificha nini kingine," binti alisema, akatoka nje kupiga simu.

Gari la ofisi halikuchukua muda. Watu waliokuwa dukani walitoka kutazama, na waliokuwa ndani wakachungulia madirishani. Bosi aliuliza wanakwenda wapi, nani amesema, na watarudi saa ngapi, na kila alipojibiwa "tutaona" alikunja uso zaidi. Alipomwona dereva amembeba Kitumbo kiubavu, alimkaripia: "Si hivyo! Amekula sasa hivi, atatapika!" Kweli Kitumbo akatapika. Mama Pasi alilifuata gari akikimbia mpaka kwenye kona ya duka la mafuta ya taa, mikono mitupu, anapiga kelele kwamba yeye ndiye mwongo, watoto wamekosa nini? Gari lilikwishapinda.

*

Mama Bosi aliporudi kutoka hospitali, nyuso za watu barabarani zilimwambia kuna jambo kabla hajafika mlangoni. Aliingia akaona rundo la mashuka na kijiko sakafuni.

"Watoto wako wapi, Mama?"

Mama Pasi alimweleza yote. Hakuruka hata neno lake mwenyewe. Mama Bosi alisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa chini.

"Foleni ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuwaonyesha," alisema. "Wengine wana kazi, wana nyumba, wana waume. Mimi nina foleni. Nawe ukaenda kuikana."

"Nilikuwa nakuficha, mwanangu."

"Ulikuwa unajificha wewe, Mama."

"Ndiyo," Mama Pasi alisema. "Nilikuwa najificha."

Walikaa hivyo, mmoja kitini, mwingine sakafuni, moto wa pasi ukizimika bila mtu kuujali. Mwisho Mama Pasi akauliza lile lililokuwa likimtafuna. "Kesho utaenda?"

"Kichwa kinaniambia nisiende. Kinaniambia niende kule kwingine." Mama Bosi alijifuta uso kwa kiganja. "Nitaenda. Nisipoenda ndipo watakuwa wamewachukua kweli."

Habari huwa haziombi ruhusa. Mchana wake mteja wa kwanza alikuja kuchukua nguo zake kabla hazijafuliwa, akisema amepata safari. Wa pili hakutafuta hata kisingizio. Wa tatu alikuwa karani mmoja mnyoofu, mteja wa miaka mingi, ambaye kila mara alimsifia Mama Pasi kwamba mkono wake hauna mfano. Siku hiyo alifungua mfuko wake palepale mlangoni, akaanza kuhesabu soksi.

"Unahesabu?" Mama Pasi alimuuliza.

"Aa, mazoea tu, Mama. Si kwamba sikuamini."

"Miaka yote hukuwa na mazoea hayo."

Karani alitabasamu kwa aibu, lakini hakuacha. Alihesabu, akarudia, akapanga mbili mbili. Mama Bosi alikuwa kwenye beseni hapo uani, mikono kwenye povu, anasikia kila kitu. Mama Pasi alimwona jinsi alivyoinamisha kichwa, na kitu kikamchoma moyoni. Alikuwa amejidanganya muda wote huo kwamba aibu ile ni yake peke yake.

"Ikipungua moja njoo nikupe ya kwangu," alimwambia karani, akamfungia mlango.

*

Wiki mbili nzima wanawake hao waliishi kama wagonjwa wa chumba kimoja. Nyumba ya watoto haikuruhusu wageni "mpaka kamati ikae," na kamati ilikuwa haijakaa. Mama Bosi alikwenda foleni, akarudi, akafua kile kidogo kilichobaki. Kisha siku moja binti wa ustawi akaja, na safari hii hakukaa. Alisimama kwenye mlango wa uani, karibu na kamba za nguo.

"Mama, kamati inakaa kesho kutwa. Kuna njia. Watoto wanaweza kukabidhiwa wewe, kama bibi yao."

Mama Pasi aliinua mikono juu kumshukuru Mungu, nusura amkumbatie. Binti akarudi nyuma hatua moja.

"Subiri, Mama. Kuna sharti. Mama yao asiishi humu ndani. Ahame. Atawaona mara moja kwa mwezi, ofisini, mbele yetu, mpaka atakapoacha na hiyo dawa pia."

"Ahamie wapi?"

"Hilo... ofisi haina jibu lake."

"Daktari amemwambia asiikatishe. Akiikatisha, unga unarudi. Ninyi mnamwambia aikatishe?"

"Mwenyekiti anasema dawa ile ni unga uliobadilishwa jina."

"Na wewe unasemaje?"

Binti aliuhamisha mkoba wake kutoka bega moja hadi jingine. "Mimi ni mtekelezaji tu, Mama. Ukikubali sharti mbele ya kamati, unawachukua siku hiyo hiyo. Ukikataa, watatafutiwa familia za kuwalea. Na sikufichi, huenda wasiwekwe pamoja. Watu wengi wanataka mtoto mmoja mdogo, hawataki na dada yake."

Alipoondoka, shuka lililoanikwa likasogea na Mama Bosi akatokea nyuma yake. Alikuwa amesikia yote. Aliingia ndani, akavuta begi lake chini ya kitanda, akaanza kutia nguo.

"Unafanya nini?"

"Kubali, Mama. Nina shoga yangu ana chumba kule ng'ambo ya reli."

"Shoga yupi? Yule mliyekuwa mkivuta naye?"

Mama Bosi aliendelea kukunja gauni. "Kwingine sina."

Tuseme ukweli, maana hadithi za watu wema watupu haziaminiki: Mama Pasi alifikiria. Alikaa ukingoni mwa kitanda akayapima. Huyu hakumzaa yeye. Aliletwa na mwanawe, na mwanawe mwenyewe alikwenda kutafuta maisha, na maisha hayo yakammeza asipige hata simu. Watoto ni damu yake. Kitumbo alikuwa halali mpaka abebwe mgongoni na kuimbiwa. Nani anamwimbia huko? Na Bosi, atatenganishwa na mdogo wake aliyemlea kama mwanasesere? Neno moja tu mbele ya kamati na wote wawili wangekuwa kitandani humu kesho kutwa. Hata mdomo wake ulijaribu kulitamka hilo neno, taratibu, kuona litatokaje.

Kisha akamwangalia mkwe wake akijaribu kufunga begi lililovunjika zipu, akijua fika anakokwenda na kitakachompata huko. Anakwenda hata hivyo, ili watoto warudi.

"Toa nguo," Mama Pasi alisema.

"Mama..."

"Toa nguo humo ndani, nimesema! Na kesho nakwenda na wewe kwenye hiyo foleni. Nimeificha mwaka mzima, hata kuiona sijaiona."

*

Foleni ilikuwa upande wa nyuma wa hospitali, kati ya ukuta na mapipa ya takataka, mahali ambapo mtu huwekwa asionekane. Mama Pasi alikuwa ametarajia watu wa kutisha. Alikuta fundi baiskeli mwenye mikono ya grisi, mzee wa koti anayesoma gazeti, kijana kinyozi, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni anayemtafunia mwanawe kipande cha mkate. Walikuwa wakigombana kuhusu mpira.

"Mama mgeni leo?" fundi baiskeli aliuliza. "Karibu, lakini ujue hapa hakuna kupita mbele. Hata awe nani, anapanga mstari."

"Yeye hanywi. Amenisindikiza," Mama Bosi alisema. Halafu akaongeza, "Ni mama yangu."

Wote wakamwamkia, na Mama Pasi akaitikia kila mmoja. Ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa amejifunika khanga mpaka puani. Aliishusha.

Aliishusha wakati mbaya, au mzuri, hutegemea unavyotazama. Yule karani wa soksi alikuwa anakatiza nyuma ya hospitali kuwahi kazini. Aliwaona, akageuza shingo haraka kama mtu aliyefumania jambo. Miaka yote Mama Pasi angekuwa wa kwanza kuingia nyuma ya pipa. Leo aliinua mkono.

"Habari za asubuhi, baba! Soksi zilitimia?"

Karani aliongeza mwendo. Hakuna pale aliyejua habari ya soksi, lakini namna alivyoulizwa na namna alivyokimbia ilitosha. Foleni nzima ikaangua kicheko, na mzee wa koti akacheka mpaka gazeti likamdondoka. Mama Bosi naye alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Zamu yake ilipofika, muuguzi alimpimia dawa kwenye kikombe kidogo. Aliinywa mara moja, akaongeza maji, akanywa tena.

"Sema neno," muuguzi alimwambia.

Kumbe ndio utaratibu. Kila anayekunywa lazima aseme kitu kabla hajaondoka, kuthibitisha kwamba amemeza na hakuificha dawa mdomoni akaiuze. Wengine husema jina lao, wengine hutukana serikali. Mama Bosi alishika ukingo wa kidirisha.

"Bosi na Kitumbo," alisema.

"Huyu ndivyo asemavyo siku zote," muuguzi alimwambia Mama Pasi, akiweka alama kwenye daftari lake. "Anayefuata!"

*

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni lililokuwa likilalamika, na chupa za maji mbele ya wakubwa tu. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mstaarabu, mwenye kuchagua maneno, aliyempa Mama Pasi kiti na kumwita "mama yangu." Binti wa ustawi alikaa mwisho wa meza. Mama Bosi aliambiwa abaki kwenye korido, kwa kuwa yeye si mhusika.

"Tumefurahi kwamba umekuja, mama yangu," Mwenyekiti alianza. "Nadhani umekwishaelezwa. Unakubali masharti?"

"Kabla sijajibu, naomba aliye nje aingie."

"Yule hahusiki."

"Watoto ni wa nani?"

"Kikao hiki ni chako wewe, mama yangu. Tunajaribu kukusaidia." Alijiegemeza kwenye kiti. "Tuzungumze kiutu uzima. Yule si damu yako. Humdai wala hakudai. Mwanao mwenyewe, mume wake, yuko wapi?"

"Swali zuri sana hilo," Mama Pasi alisema, na wote pale mezani wakaona amenyooka mgongo. "Yuko wapi? Mimi mwenyewe nauliza. Damu yangu ilibeba begi ikaondoka, haijauliza hata kama wanawe wana viatu. Huyu asiye damu yangu ndiye aliyebaki. Ndiye anayenikanda miguu ikivimba. Sasa mnaniambia nimtoe yeye?"

"Tunachosema ni kwamba mtumiaji hawezi..."

"Si mtumiaji. Ni mgonjwa anayetibiwa. Na mimi ndiye niliyewafanya mumwite hivyo, kwa hiyo nisikilizeni. Nilimdanganya binti yenu. Nilisema hanywi dawa. Anakunywa! Anakunywa kila asubuhi, nimekwenda nikaona, na nitakwenda naye tena, na atakayeniuliza njiani nitamwambia ninakokwenda. Kama kuna wa kuadhibiwa kwa uongo, niko hapa. Wajukuu wangu hawakudanganya mtu."

Mwenyekiti alifungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga. "Kwa hiyo unakataa kuwachukua watoto."

Huo ndio mtego, na Mama Pasi aliuona. Alimwona Kitumbo kwenye gari la watu wengine na Bosi kwenye jingine, kila moja linakwenda njia yake, na akajua kwamba neno moja baya linaweza kulifanya hilo kuwa kweli.

"Usinitie maneno mdomoni, Mwenyekiti. Sijakataa. Nawataka watoto wangu wote watatu."

"Watoto ni wawili."

"Ni watatu. Wa tatu mmemwacha kwenye korido."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwenyekiti alianza kusema kwamba kama ni hivyo kamati haina budi, na hapo binti wa ustawi akasimama bila kuombwa.

"Mwenyekiti, samahani. Kwenye taarifa yangu niliandika kwamba mama wa watoto ameonekana akiwa na watumiaji wa dawa za kulevya." "Sikuandika mahali. Ilikuwa hospitali. Nilimwona anapanga foleni ya matibabu."

"Kwa nini unayasema haya leo?"

"Kwa sababu Mama amesema uongo wake mbele ya watu wote. Nami nimeona niseme wangu. Nimezitembelea nyumba nyingi, Mwenyekiti. Kwa Mama huyu watoto wanakula, wanalala, wanaenda shule. Niliwachukua kwa sababu nilikasirika kudanganywa. Tukiwarudisha na mama yao akiwa humo, nitakwenda kuwaona kila wiki, mimi mwenyewe. Tukimtoa, sitakuwa na pa kumtafuta isipokuwa kituo cha mabasi."

Walimtoa Mama Pasi nje, wakabishana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye korido Mama Pasi na Mama Bosi walikaa kwenye benchi, wameshikana mikono, na sauti za ndani zikapanda na kushuka. Mlango ulipofunguliwa, Mwenyekiti alisoma uamuzi bila kumwangalia mtu. Watoto warudi nyumbani kwa majaribio. Mama yao abaki, aendelee na matibabu. Likitokea lolote, litakuwa juu ya afisa aliyependekeza.

"Ila atakayekabidhiwa ni bibi peke yake," alimalizia. "Saini iwe yake. Yule mwingine ofisi haimtambui."

*

Walikwenda moja kwa moja. Nyumba ya watoto ilikuwa na geti la bluu na mlinzi aliyekuwa na karatasi ya ofisi mkononi.

"Bibi, wewe pita. Huyu asubiri nje. Karatasi inasema bibi tu."

"Nenda, Mama," Mama Bosi alisema upesi. Alikwishasogea kando, mgongo ukutani, kwa wepesi wa mtu aliyezoea kuambiwa asubiri nje. "Nenda uwalete, mimi nipo."

Mama Pasi aliangalia geti, akamwangalia mlinzi. Halafu akakunja khanga yake, akaiweka chini kwenye vumbi, akakaa katikati ya njia.

"Mama, vipi tena?"

"Nimechoka. Nikipumzika tutaingia. Wote."

"Utanifukuzisha kazi, Mama yangu."

"Basi niite polisi, waje wambebe bibi aliyekuja kuchukua wajukuu wake."

Mlezi wa zamu alikuja kuona kuna nini, nyuma yake Bosi amembeba Kitumbo ubavuni, mtoto amekua mzito na yeye amekonda. Bosi aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama mkaguzi.

"Bibi, mbona umekaa chini? Na Mama mbona yuko nje?"

"Wamesema asiingie, mama yangu."

Bosi alimgeukia mlinzi. "Fungua." Mlinzi akamwangalia mlezi. Na hapo sauti ya yule mtoto, ambayo mtaa mzima uliijua kwa amri, ikabadilika ikawa ya mtoto tu. "Kitumbo halali kwa mtu mwingine. Siku zote nambeba mimi, usiku na mchana. Mikono inaniuma. Mwite mama yake."

Mlezi alimtazama Bosi, akamtazama yule mama ukutani, akasogeza komeo kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Bosi aliingia, akapiga magoti. Kitumbo hakumkimbilia. Alijificha shingoni kwa dada yake akachungulia kwa jicho moja, na mama yake hakumvuta; alibaki pale pale mikono imefunguka, machozi yanamtiririka, anamwita polepole. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha. Mwisho Kitumbo alinyoosha mkono, akamgusa sikio, akajitupa kifuani kwake, na Bosi akakaa chini papo hapo akakunja mikono yake mitupu mapajani.

"Haya, Bibi," mlezi alisema, akifuta pua. Alileta daftari na kalamu. "Weka saini hapa, kwamba umepokea watoto wawili."

Mama Pasi alijikung'uta vumbi, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka ya maisha. Aliiangalia kalamu, lakini hakuipokea.

"Mpe mama yao. Mimi sijui kuandika."

Bosi aliinua kichwa. Yeye ndiye aliyekaa kila siku karibu na meza ya pasi akimwona bibi yake akiandika majina ya wateja kwenye kola, kwa herufi nzuri za mviringo. "Lakini Bibi, si wewe ndiye..."

"Nyamaza, Bosi."

Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Bosi aliambiwa anyamaze akanyamaza. Mama yake akachukua kalamu.